Mabinti 26, kiwanja moja, mabalo manne: tubagawanye kwa miaka, kwa uwezo, ao tubachanganye bote?

Dada yangu mumoja wa Bukavu, kule Panzi, anataka kuanzisha mazoezi ya netiboli ya mabinti, na swali yake ya kwanza haikuwa juu ya pete wala juu ya balo. Aliniuliza hivi: "Yaya (mukubwa wangu), ukiwa na wa miaka 8 na wa miaka 17 ku kiwanja moja, unabagawanya aje?" Nilianza kumujibu na sauti ku simu, kuangalia nimeshafika dakika kumi na mbili na sijasema kitu, nikasema hapana, acha niandike, juu njia zote tatu nimezijaribu hapa Goma na kila moja ilinifundisha adabu kwa namna yake.

Kwanza ujue nasema nikiwa wapi. Tunafanya jumamosi asubui na siku moja katikati ya juma kisha masomo, ku kiwanja ya masomo moja upande wa Ndosho. Chini ni udongo mweusi wa volkano, ile changarawe yenye ukiiangukia na goti utaikumbuka wiki mbili. Kiwanja ya sheria eko na mita 30.5 kwa 15.25, yetu haifike, ukuta umetukatia, tulichora na chokaa vile tuliweza tukaigawanya mara tatu sawasawa. Poto (milingoti ya pete) mbili za chuma tulitengenezewa na fundi wa kusude: moja ina mita 3.05 kama ya bakubwa, ingine inashuka mpaka mita 2.40. Mabalo ni manne, mawili ya saizi 5, mawili ya saizi 4. Mabinti beko 26 kama bote bakija, lakini siku ya bote kuja sijaiona, maji ikikatika mu kartie unakuta 15, bengine beko ku mustari wa bido. Bakubwa ni mimi, na mara mojamoja mwalimu mumoja wa primere mwenye ananisaidia akipata nafasi.

Na wakisema uwezo tofauti, sio tofauti kidogo. Kuko benye batoka ku basiketi ya masomo, banajua kushika balo lakini mikono inabawasha, banataka kuidunda tu. Kuko benye balikuja na familia juu ya vita kutoka Masisi na Rutshuru, balo habajashika ata siku moja lakini ku mbio hakuna mwenye anabafikia. Na kuko mumoja mwenye alikulia Uganda ku kambi ya Nakivale, ule anajua netiboli kunipita mimi, na mimi mwenyewe nilijifunza huu mchezo nikisoma Kampala. Mama mumoja alisimama ku ukuta akaangalia saa nzima kisha akaniuliza, "Kochi, hii ni basiketi ya bila kudunda?" Nikamwambia ndiyo mama, ni karibu vile, na pete haina kibao nyuma.

Hii ya kudunda inabeba uzito kuliko vile inaonekana, juu njo inafanya swali ya kuchanganya batoto ikuwe tofauti na michezo ingine. Ku futuboli ukiweka wa 16 na wa 9 pamoja, ule mukubwa anachukua balo, anabapita bote, anafunga, imekwisha. Ku netiboli hawezi. Ukishika balo hautembee nayo, mguu wenye umetua nao ukiunyanyua lazima balo itoke mbele haujaurudisha chini, eko na sekunde 3 tu, na mwenye anakukinga anakaa mbali sentimita 90 na mguu wako. Tena kila mutu eko na herufi ku kifua na ile herufi inamwambia fasi gani anaruhusiwa kukanyaga: GK (mulinzi wa pete) hatoke mu theluthi yake ya nyuma, C (wa katikati) anazunguka karibu kote lakini haingie mu duara ya kufunga. Sheria yenyewe inamufunga kamba mutoto mwenye nguvu, lazima amupe mwenzake balo, apende asipende. Njo mana nasema kuchanganya hapa inawezekana kuliko watu banafikiria.

Lakini herufi zile zile njo zinaficha uonevu, na hii nilichelewa kuiona. Bafungaji ni bawili tu mu ekipe ya saba, GS na GA. Bengine batano habaruhusiwe ata kujaribu. Sasa ukiacha batoto bajipange benyewe, ule murefu anachukua GS, rafiki yake anachukua GA, na kale kadogo kanapewa WD (mulinzi wa pembeni). Jumamosi hii WD, ijayo WD, mwezi unaisha hakajarusha balo ku pete ata mara moja, na ku nyumba banakauliza unajifunza nini kule. Bote bameona Peace Proscovia wa Uganda ku simu, basi ku kichwa yabo mufungaji lazima akuwe murefu kama poto.

Haya, njia ya kwanza, kugawanya kwa miaka.

Njo yenye bazazi banaelewa mara moja, haiombe maelezo. Wa 8 mpaka 10 hapa, wa 11 mpaka 13 pale, bakubwa kule. Njo yenye mashindano mingi inafuata, na kuko nchi zenye zimeitengeneza muzuri sana. Australia beko na programu ya NetSetGO ya batoto ba miaka 5 mpaka 10, poto inashushwa mpaka mita 2.4 na balo ni ndogo. Uingereza balikuwa na High 5 ya ba miaka 9 mpaka 11, balikuwa banacheza batano batano badala ya saba, poto ya mita 2.74, na kila mutoto alikuwa anazunguka ku nafasi zote, na ule mwenye hakuwa mu kiwanja hakukaa bure, alikuwa anashika saa ao anaandika magoli. Ile ya kuzunguka na ile ya kumupa kazi mwenye eko inje nimeziiba zote mbili na sioni haya.

Ila bale beko na batoto mingi, viwanja mingi, bakochi mingi. Mimi nilipogawanya kwa miaka nilipata kikundi ya batoto badogo 13, ya katikati 9, na mabinti bakubwa bane. Bane! Utacheza netiboli gani na bane? Balipiga pasi kati yabo nusu saa bakaanza kusukana nywele. Na mimi nilikuwa naenda huku narudi huku kama mutu wa chukudu (ile baisikeli ya mbao ya mizigo) kwenye mulima, kila kikundi nikifika nakuta bamesimama bananingojea. Ukiwa mukubwa mumoja, miaka inakupa vikundi tatu na kochi wa theluthi moja kwa kila kikundi.

Kuko tena shida ya miaka yenyewe. Hapa kwetu batoto mingi habana karatasi ya kuzaliwa, bengine karatasi zilibaki ku nyumba yenye haiko tena, unamuuliza mutoto miaka ngapi anakuangalia kisha anasema 11 juu rafiki yake amesema 11. Na ata karatasi ikiwepo, miaka 12 haikuambie kitu juu ya mwili. Niko na babili ba miaka 12, mumoja ananifikia ku bega na mwengine ananifikia ku mukanda. Bale bazaliwa mwezi wa kwanza na bale ba mwezi wa kumi na mbili banaitwa mwaka mumoja na kumbe kati yabo kuko karibu mwaka muzima wa kukua, na kwa mutoto wa 9 mwaka muzima si mchezo.

Muzuri ya miaka ni kitu ingine yenye haiandikwe ku karatasi ya mazoezi: maongezi. Ba 14 banataka kuongea na ba 14. Mutoto akikosa mwenye ataongea naye wakati wa kunywa maji, wiki ya tatu haumuone. Hiyo sitaidharau.

Njia ya pili, uwezo. Hapa nakuambia ukweli, ukitaka kuona mazoezi yanasonga haraka, ni hii. Benye banajua kushika balo bako pamoja, pasi inatoka na nguvu, hakuna mwenye anaogopa kuvunjwa kidole, na benye banaanza banapata nafasi ya kuangusha balo mara mia bila mutu kucheka. Siku moja tu ya hivyo, ule wa Nakivale aliniambia, "Kochi, leo njo tumecheza."

Lakini njo hii ilinigharimu binti mumoja, na ningekuwa na uwezo wa kurudisha siku moja ningerudisha ile. Alikuwa na miaka 16, mwenye nguvu, mpole, alikuja juu leki yake (mudogo wake) alikuwa anakuja. Hajawahi kucheza kitu. Nikapanga kwa uwezo, moja kwa moja, akajikuta ku mustari wa batoto ba miaka 9, na leki yake wa miaka 12 eko upande wa benye banajua. Hakusema kitu. Alimaliza mazoezi, akakaa juu ya jiwe, akafungua viatu pole pole, akampa leki yake chupa ya maji, wakaenda. Hakurudi. Leki alirudi mara mbili na yeye pia akaacha. Sikumukosea na neno ata moja, nilimukosea na mustari.

Na uwezo gani? Ile jioni nilifikiria sana. Ule binti alikuwa anaruka kupita bote. Kama ningepima kukinga badala ya pasi, angekuwa upande wa juu. Bale ba basiketi beko juu ku kushika balo na chini kabisa ku miguu, juu kila mara banatembea na balo. Ukisema "kikundi ya benye banajua" unasema kitu gani, banajua nini? Uwezo haiko kitu moja yenye unaweza kupima na sifle mu mukono dakika kumi siku ya kwanza, na ukishabandika mutu ku kikundi ya chini, ata akipanda, bengine njo banakumbuka, na yeye anakumbuka kupita bote.

Njia ya tatu, kubachanganya bote ku vituo. Unaweka koni, unafanya fasi ine, kila fasi kazi yake, vikundi vya sita ao saba venye kuko mukubwa, wa kati na mudogo, unapiga sifle kila dakika nane banahama. Kwa mutu mwenye eko peke yake kama mimi hii ni dawa, juu unasimama ku kituo moja yenye ina kazi ngumu na vile vingine vinajiendesha.

Hesabu ya balo pia iko upande wake. Chukua mazoezi ya pasi ya dakika 10, tuseme pasi moja kila sekunde 3, ni pasi 200. Ukiweka mustari mbili ndefu za batoto 13 na balo moja kila mustari, vile bakochi mingi banapenda juu inaonekana na nidhamu, kila mutoto anagusa kama mara 15. Ukiweka vikundi vya sita na balo moja, anagusa mara 33. Batoto bale bale, dakika zile zile, na mara mbili ya kazi. Kwa mabalo manne na batoto 26 hauna njia ingine. Ukiwa na balo mbili tu, acha kusoma habari ya kugawanya, tafuta kwanza balo ya tatu, ata ya basiketi ya zamani yenye imepungua upepo inafaa ku pasi za kifua.

Ubaya yake? Kelele, hiyo ya kwanza, jirani ataongea. Ya pili njo nzito. Mabinti bakubwa banageuka kuwa bayaya ba kulea. "Yaya, nifunge kamba", "yaya, amenisukuma", "yaya, nataka kukojoa". Na hawa mabinti njo bale bale benye ku nyumba banabeba leki zabo mugongoni, banateka maji, banapika mbele mama hajarudi ku soko. Balikuja ku kiwanja bapumue saa moja na nusu, na mimi nabapa batoto sita bengine balee. Mumoja wa miaka 15 aliniambia usoni, na heshima yake yote, "Kochi, hii nafanya ku nyumba." Nilinyamaza. Bakochi tunapenda sana kusema bakubwa banajifunza uongozi, sawa, banajifunza, lakini kuko siku mutu anataka tu kucheza na mwenye anaweza kumurudishia balo.

Kuko pia njia ya ine, sio njia kamili, ni nusu, kugawanya kwa mwili. Ku futuboli ya Uingereza akademia za batoto zilijaribu hiyo, kuchezesha pamoja benye beko hatua moja ya kukua bila kuangalia mwaka wa kuzaliwa. Mimi naitumia fasi moja tu: chini ya pete. Netiboli kwa sheria ni mchezo wa bila kugusana, lakini balo ikigonga chuma ikarudi, GS na GK bakaruka pamoja, utaniambia kama habagusane. Wa kilo 60 na wa kilo 30 habaruke pamoja ku changarawe ya Goma, hiyo sina majadiliano nayo. Ila angalisho moja: usibapange kwa kubapima kimo mbele ya bote, na usiseme neno juu ya mwili ya mutoto wa miaka 12 ao 13. Mimi nasema tu "wewe na wewe, wewe na wewe", na macho yangu yameshapanga tangu ku kupasha mwili moto.

Sasa uziweke zote kando kwa kando, na nitakuambia vile nachagua mimi.

Upande wa bazazi, miaka inashinda, hakuna mashindano. Upande wa maendeleo ya haraka, uwezo, hasa kama uko na mechi kisha wiki tatu na hauna muda. Upande wa kochi mwenye eko peke yake na balo kidogo, kuchanganya. Upande wa magoti na meno, mwili. Upande wa mutoto kurudi wiki ijayo, na kwangu mimi hii njo inapima zingine zote, uwezo iko ya mwisho, miaka na kuchanganya zinakaribiana, kila moja inapoteza watu tofauti: miaka inapoteza bale bakubwa juu beko kidogo, kuchanganya inapoteza bale bale bakubwa juu banachoka kulea. Uone? Mara zote mbili ni mabinti ba 14 kuenda mbele njo banapotea. Badogo banarudi ata ukibapa jiwe bacheze nayo.

Basi niliacha kuchagua njia moja ya siku nzima. Nagawanya kufuata kitu yenye nafundisha ile dakika. Kupasha mwili, bote pamoja, dakika 15, hapo hakuna sababu ya kutenganisha mutu: kukimbia, kuruka, kutua na magoti yamekunjwa kidogo, kusimama gafla bila goti kuingia ndani. Hii ya kutua usiichukue kama mapambo, juu netiboli yote ni kukimbia na kusimama gafla, na mabinti benye banakua haraka magoti yabo njo yanalipa. Netball Australia beko na programu nzima juu ya hiyo, inaitwa KNEE, na inagawanywa ku ngazi, ya badogo eko mbali na ya bakubwa. Badogo banaiga bakubwa hapo bila kuambiwa, na mukubwa hatoki jasho ya kulea, anatua tu, mudogo anaangalia.

Kisha pasi, dakika 25, hapo natenganisha kwa uwezo, lakini uwezo wa ile kitu tu na ya ile siku tu. Sisemi kikundi ya juu na ya chini. Nasema nani anataka pasi kali leo, aende upande wa ukuta, nani anataka kurekebisha mikono, aje huku kwangu. Banajichagua benyewe, na nakuambia mara tisa ku kumi banajichagua sawa. Na ku upande wa kurekebisha mikono naenda mimi mwenyewe, sio musaidizi, ili upande ule usikuwe wa aibu. Ingelikuwa hivyo toka mwanzo, labda ule binti wa jiwe angekuwa eko.

Chini ya pete, dakika 15, kwa mwili. Bakubwa ku poto ya 3.05 na saizi 5, yenye ina gramu 400 mpaka 450, badogo ku ile ya 2.40 na saizi 4. Mudogo akirushia poto ndefu na balo nzito anajifunza kurusha na mugongo na mikono mbili toka ku tumbo, na hiyo tabia kuitoa kisha ni kazi ya miaka.

Mwisho mechi, dakika 25, bote tena pamoja, na hapa njo nimeweka akili mingi, juu hapa njo kuchanganya inaweza kuwa tamu ao kuwa zulumu. Herufi zinazunguka kila dakika tano, mwenye alikuwa WD anaenda GA, apende asipende, na ata ule murefu atavaa WD aone utamu yake. Bakubwa beko na sekunde 2 badala ya 3, badogo nabahesabia pole pole mpaka 5. Mwenye anakinga mudogo anarudi nyuma hatua mbili. Mudogo akiwa mufungaji anachagua mwenyewe, arushe hapo ao akimbie arushe ku poto fupi yenye nimeiweka pembeni, ikiingia ni goli sawa na lingine. Niliwahi pia kusema goli haihesabiwe kama balo haijapita mu mukono wa mudogo, hiyo nimeitoa, juu bakubwa balikuwa banamupa balo na kumunyanganya palepale kama stempu ku karatasi.

Dakika kumi zenye zinabaki ni maji na maongezi, na hapo banakaa vile banataka, kwa miaka, njo vile nilikuambia juu ya ba 14. Mara moja kwa mwezi pia mabinti bakubwa banabaki nusu saa peke yabo, bila mudogo ata mumoja, bacheze na nguvu yote. Ule wa "hii nafanya ku nyumba" hajakosa ata mara moja hiyo siku.

Kama wewe kule Panzi utapata mwenzako wa pili wa kudumu na kiwanja mbili, usinifuate mimi, gawanya kwa miaka tu, ba mpaka 12 na ba kuenda juu, na mule ndani uchanganye uwezo, itakuwa rahisi kwako na bazazi batakuelewa. Mukikuwa na mashindano, wiki mbili za mbele uingie ku uwezo bila haya lakini ubaambie bote mapema ni wiki mbili na juu ya nini. Ukiwa peke yako kama mimi, anza na vituo, kuchanganya, mpaka ujue majina yabo bote, juu hauwezi kupanga kwa uwezo watu wenye haujui majina. Mimi ilinichukua mwezi na nusu na bado kuko mapacha babili benye nabachanganya.

Na habari ya Uganda waambie batoto bako, ya kwamba ku Kombe la Dunia ya Cape Town mwaka 2023 jirani yetu Uganda ilimaliza ya 5, na Malawi ya 7. Bangu nilibaambia, mumoja wa miaka 9 akauliza kama Kongo ilikuwa ya ngapi. Nikamujibu sisi tunaanza na kiwanja ya Ndosho. Akasema basi leo yeye njo GS.

Poto usiitengeneze ya kuchimbia chini, dada, Bukavu ni milima na mvua, fanya ya kuhamisha, mutie mawe ku gurudumu ya zamani ya gari chini yake, itasimama. Nitakutumia picha ya yetu kesho kama moto (umeme) haikatike.